Kabla ya kununua maikrofoni, tazama paa

Mtu anayetaka kuanzisha podikasti nyumbani kwake hapa Mbeya akinifuata kuomba ushauri, huanza kwa kuuliza anunue maikrofoni gani, nami humrudishia swali: chumba utakachorekodia kina dari? Wengi hudhani ninakwepa jibu. Hata hivyo, baada ya miaka mingi ya kurekodi kwaya na mahojiano katika nyumba za watu, nimeona kwamba adui mkubwa wa kazi hii huku kwetu nyanda za juu ni bati. Kuanzia Novemba hadi Aprili, na kwa upande wa Rungwe hata baada ya hapo, mvua ikishuka juu ya paa lisilo na dari, hakuna kifaa cha bei yoyote kitakachoitenga na sauti ya mgeni wako.

Nilijifunza kwa hasara. Maikrofoni yangu ya kwanza ilikuwa ya kondensa, kwa sababu kila video niliyoitazama mtandaoni iliisifu aina hiyo, nami niliifunga katika chumba chenye sakafu ya saruji, kuta tupu na madirisha mawili yanayotazama kijiwe cha bodaboda. Jioni, nilipovaa hedifoni kusikiliza kazi ya siku nzima, nilimsikia jirani akiwaita watoto wakaoge, nikasikia sufuria ikitua chini, na sauti yangu mwenyewe ikivuma kama ya mtu anayezungumza ndani ya pipa. Kifaa hakikuwa kibovu. Kilinasa kwa uaminifu kila kilichokuwepo.

Kondensa hunasa sauti kwa utando mwembamba sana, na nyingi za aina hiyo huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti ya nje, ambayo mafundi tumezoea kuiita intafesi. Aina nyingine, dainamiki, ina utando ulioshikana na koili ndogo ya waya ndani ya sumaku, kwa hiyo ni nzito kidogo kuamka na haihitaji umeme huo. Hapo ndipo watu husema kwamba dainamiki haisikii kelele za mbali, kauli ambayo ina ukweli nusu. Kinachokuokoa hasa ni umbali: ukipunguza kwa nusu nafasi iliyopo kati ya mdomo na maikrofoni, sauti yako huongezeka kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ilhali kelele ya barabarani hubaki palepale. Dainamiki nyingi huvumilia kusogelewa hivyo, na kwa sababu hiyo ndiyo ninayompendekezea anayeanza. Ikae upana wa ngumi moja au moja na nusu kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi ya herufi p na b isiipige moja kwa moja, na mgongo wake uelekezwe dirishani, kwani maikrofoni nyingi za kusemea husikia kidogo sana upande wa nyuma.

Kwa mtu mmoja na kompyuta yake, Samson Q2U inatosha kabisa, kwa kuwa ina njia mbili, USB ya kompyuta na XLR, plagi ya pini tatu inayoingia kwenye intafesi, hivyo siku utakaponunua intafesi hutalazimika kuiacha. Shure SM58, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966 na ambayo umeiona makanisani mara nyingi bila kujua jina lake, ni ngumu kuharibika, ila ina kopi bandia nyingi, kwa hiyo bei ikiwa ya kushangaza, shangaa kweli. Ile Shure SM7B inayoonekana kwenye studio za watu mashuhuri simshauri anayeanza aikimbilie: hutoa mawimbi dhaifu yanayohitaji kukuzwa kwa takriban desibeli 60, na intafesi ya bei nafuu ikilazimishwa kufika huko huanza kutoa mvumo wa “shhh” chini ya maneno.

Fedha inayobaki ielekezwe chumbani, na hapa baridi yetu ni faida, kwa maana karibu kila nyumba ina mablanketi mazito. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio mkali unaofuatia kofi kama waya uliokwaruzwa, tundika blanketi nyuma ya anayezungumza na jingine mbele yake, tandika zulia, kisha piga tena. Kabati la nguo lililoachwa wazi nalo husaidia. Mablanketi haya humeza mwangwi wa ndani tu. Lori linalopanda kuelekea Tunduma litaendelea kusikika, na dawa yake ni kuchagua saa ya kurekodi.

Ukisikia muungurumo usiokoma, chomoa chaja ya kompyuta ujaribu kwa betri. Mara nyingi unakoma papo hapo, na chanzo huwa ni umeme wa ukutani, kwa mfano soketi isiyo na athi nzuri, yaani waya wa ardhini.

Hedifoni ziwe za kufunika sikio, na mtu azivae wakati wa kurekodi, si baadaye. Kiwango cha sauti kiruhusiwe kupanda hadi karibu desibeli 12 chini ya ukomo, yaani pale sauti inapoanza kukwaruza. Hifadhi kwanza faili la WAV, ambalo halijabanwa. Nusu saa ya sauti ya njia moja, kwa kiwango cha kawaida cha 44.1 kHz na biti 16, huchukua takriban MB 159, ilhali MP3 ya kbps 64 ya kupakia mtandaoni huwa karibu MB 14, ambayo msikilizaji mwenye bando dogo ataimudu.

Mkiwa wawili, kila mmoja awe na maikrofoni yake na njia yake kwenye intafesi, maana maikrofoni moja mezani huwaweka wote wawili mbali. Tena mwangalie mgeni alivyovaa. Julai moja nilimrekodi mzee aliyekuja na koti zito la nailoni, na kila alipoinua mkono kusisitiza jambo, koti lilizungumza kabla yake. Nilipomwomba alivue alinitazama kama mtu asiye na utu, na kwa baridi ile alikuwa na haki. Siku hizi kiti cha mgeni huwa na blanketi la sufu lililokunjwa tayari.