Nyota ya pembe sita si bendera ya mtu

Jumamosi tena. Ami mmoja wa kanzu nyeupe pe alisimama mbele ya kazi yangu, nyota ya vipande vya kanga iliyo ukutani, akakunja uso: "Mwanangu, mbona umeshona nyota ya Israeli?" Huyo ni wa tano mwaka huu. Nikamwambia, "Ami, karibu kahawa," maana jibu ni refu.

Shika bikari. Chora duara, kisha bila kuibana wala kuipanua itembeze juu ya mzingo: alama sita zinajileta zenyewe. Unganisha moja, ruka moja, umepata pembetatu mbili. Nyota hiyo Waislamu waliiita muhuri wa Nabii Suleiman (jina hilo hupewa hata ile ya pembe tano, msinijie na kamusi). Iko kwenye matao ya kaburi la Humayun kule Delhi, la karne ya 16. Iko kwenye sarafu za shaba za Moroko za karne ya 19. Bendera ya Israeli ni ya 1948. Mayahudi nao waliitumia tangu kale, sisemi ni yetu peke yetu. Basi.

Wanaonichosha zaidi ni wanaoisifu. Kila pembe wana maana yake: sita ni siku za kuumbwa mbingu na ardhi, nane ni malaika wabebao Arshi, kiti cha enzi cha Mungu. Aya za Kurani zipo, sibishi. Lakini nani kasema fundi alikuwa akizihesabu? Kasri ya Topkapı, Istanbul, ina hati ndefu ya mafundi wa zamani yenye vielelezo 114, na mtu alishanihakikishia kwamba ni kwa ajili ya sura 114 za Kurani. Huenda. Au huenda karatasi iliisha.

Kwangu mimi sita na nane ni ugomvi wa uzi. Nyota ya nane ni miraba miwili. Yote naikata ikifuata mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, kisha mmoja naugeuza digrii 45 ndipo nashona. Kingo zote zinatulia. Pembetatu haina adabu hiyo: ukinyoosha upande mmoja na uzi, pande mbili zilizobaki zinakwenda mshazari, na kanga ikikatwa mshazari inavutika ukiitazama tu. Pasi unaikandamiza, huisugui. Nimesugua mara moja, ncha zikapishana kwa upana wa punje ya mchele, na kazi ya wiki mbili ikawa kitambaa cha kufutia meza. Tena mji wa kanga, uwanja wake wa katikati, una maua yenye juu na chini. Pembetatu ya pili ukiipindua, maua nayo yanasimama kwa kichwa. Wengine huona kasoro. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kutumia kanga.

Jina la kanga likitaja Mungu, mkasi haupiti. Kipande hicho nakiacha kizima, droo imejaa.

Je, umbo lenyewe lina dini? Kuna siku nikishona baada ya alfajiri naona lina, kila mstari unarudi palepale ulipoanzia. Kuna siku naona hesabu tu, na mgongo unaouma.

Ami alimaliza kahawa, akarudi ukutani akazihesabu pembe upya kwa kidole.

"Za nane huna?"

Ninazo, ami. Na ni rahisi zaidi.