Uunganishaji endelevu katika programu huria: maana na faida yake

Mradi wa programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake (maelekezo yaliyoandikwa kwa kompyuta) uko wazi kwa wote, hupokea msimbo kutoka kwa yeyote. Mwanafunzi wa Tabora anaweza kurekebisha programu ambayo watunzaji wake wako Ujerumani na hawamjui kabisa. Watajuaje kwamba rekebisho lake haliharibu kingine? Hapo ndipo uunganishaji endelevu unapoingia: kila badiliko likitumwa, seva huliunganisha na msimbo uliopo, huijenga programu upya kwenye mashine tupu, kisha huendesha majaribio yote, yaani vipande vya msimbo vinavyopima kama programu inafanya kazi inavyotakiwa. Matokeo, kijani yakipita au nyekundu yakianguka, huonekana kando ya ombi la kuunganisha, ambalo mchangiaji hutuma ili badiliko lake likubaliwe.

Huo utupu wa mashine ndio wenye thamani kubwa. Laptopu ya mtu ina maktaba (misimbo ya wengine ambayo programu huitegemea) alizosakinisha zamani akazisahau, tena inafuata saa za Tanzania. Tuseme programu inarekodi treni iliyofika Tabora saa 8 usiku kuamkia tarehe 5. Jaribio linapita kwenye laptopu. Seva nyingi hufuata UTC, saa ya marejeo ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Huko bado ni saa 5 usiku, tarehe 4, na jaribio linaanguka. Dawa ni kutaja ukanda wa saa, Africa/Dar_es_Salaam, ndani ya msimbo wenyewe badala ya kutegemea mipangilio ya mashine. Majina ya mafaili nayo yanasumbua: kwa kawaida Windows huona Bei.csv na bei.csv ni faili moja, lakini Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, huona mawili.

Kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya programu, maelekezo ya kazi hii huandikwa katika faili la YAML (muundo wa maandishi ya mipangilio) ndani ya folda .github/workflows. Miradi ya wazi haitozwi kwa mashine za kawaida, na mashine hizo zipo za Linux, Windows na macOS. Kwa mchangiaji wa Tabora hii ni nafuu ya kweli, maana bando lake linapeleka mistari aliyobadilisha tu. Kupakua maktaba na kujenga ni kazi ya seva.

Adui mkubwa ni jaribio kigeugeu, linalopita leo na kuanguka kesho bila msimbo kuguswa, mara nyingi kwa sababu linategemea mtandao au mpangilio wa matukio. Watu huzoea kubonyeza kurudia, na nyekundu haiogopwi tena. Jaribio hilo lirekebishwe au liondolewe siku hiyohiyo.

Funguo za siri za mradi, kama nywila, zisifikiwe na msimbo wa mgeni kabla haujakaguliwa. Na kijani huthibitisha kilichopimwa tu, kwa hiyo kila hitilafu inayorekebishwa ije na jaribio lililokuwa likianguka kabla ya rekebisho.