Umeme wa Upepo Nyumbani: Upepo Kwanza, Mlingoti Pili, Mashine Baadaye

Wengi wanaotaka kujitengenezea turbini ya upepo kwa ajili ya nyumba zao huanza kwa kuuliza habari za jenereta: itumike alternata ya gari (ile inayochaji betri ya gari), mota ya mashine ya kufulia, au itengenezwe mpya kwa sumaku na waya wa shaba? Swali hilo ni la haki, lakini limewahi mno. Turbini bora iliyosimamishwa mahali pasipo na upepo wa kutosha haitawasha hata taa moja kwa uhakika, ilhali mashine ya kawaida tu, iliyotengenezwa kwa uangalifu na kuinuliwa juu kwenye upepo uliotulia, inaweza kuitumikia nyumba kwa miaka mingi. Tungependa kila fundi aufuate mpangilio wa makala hii, kwa sababu fedha nyingi za wananchi hupotea pale mpangilio huo unapogeuzwa.

Umeme wa upepo wa nyumbani si jambo geni. Mwaka 1887 James Blyth, profesa wa Uskoti, alisimamisha katika kijiji cha Marykirk mtambo wenye matanga ya kitambaa, akachaji betri na kuwasha taa katika nyumba yake ya mapumziko. Mwaka uliofuata Charles Brush alijenga mjini Cleveland, Marekani, gurudumu lenye kipenyo cha mita 17 na mapanga 144 ya mbao (yaani mabawa yanayozungushwa na upepo), ambalo kwa ukubwa wake wote lilitoa takribani kilowati 12 tu. Baadaye Poul la Cour wa Denmark alionyesha kuwa mapanga machache yanayozunguka kwa kasi huzalisha umeme vizuri kuliko mapanga mengi yanayozunguka polepole. Na mwanzoni mwa karne hii kijana wa Malawi, William Kamkwamba, aliwasha taa nyumbani kwao kwa dainamo ya baiskeli, feni ya trekta na bomba za plastiki alizozilainisha kwa moto na kuzibapa.

Sasa tuje kwenye upepo wenyewe. Nguvu iliyomo katika upepo haipandi sambamba na kasi yake, bali hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi hiyo, yaani kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nane. Katika hewa ya usawa wa bahari, upepo wa mita 3 kwa sekunde hubeba takribani wati 17 katika kila mita moja ya mraba unayopitia. Upepo wa mita 5 kwa sekunde hubeba wati 77, na ule wa mita 10 hubeba zaidi ya wati 600. Hakuna turbini inayoweza kuichota nguvu hiyo yote, kwa sababu hewa iliyokwisha kupita kwenye mapanga ni lazima ibaki na mwendo wa kuondoka, la sivyo ingeiziba njia hewa inayofuata. Mwanafizikia Mjerumani Albert Betz alikokotoa kuwa kikomo ni asilimia 59, na mashine ya kutengenezwa kwa mikono, baada ya kutoa hasara za jenereta na nyaya, inakuwa imefanya vizuri ikifikisha kati ya asilimia 20 na 30.

Tuchukue turbini ya mapanga matatu yenye kipenyo cha mita 2.4. Mapanga yake hufagia eneo la mita za mraba 4.5. Kwa ufanisi wa asilimia 25, itatoa takribani wati 19 katika upepo wa mita 3 kwa sekunde, ikiwa itakuwa imeanza kuchaji, wati 87 katika mita 5, na karibu wati 700 katika mita 10. Ndiyo maana tangazo la turbini ya wati 1,000 lisilotaja kipenyo wala kasi ya upepo halimwambii mnunuzi chochote, kwani mara nyingi wati hizo zimehesabiwa katika upepo mkali ambao nyumba nyingi hazipati ila siku za dhoruba. Kipimo cha kuangalia kwanza ni kipenyo, maana kikiongezwa maradufu, eneo linalofagiwa huongezeka mara nne.

Wastani wa kasi huwapotosha hata watu wanaojua hesabu. Upepo unaovuma mita 6 kwa sekunde kwa nusu ya siku na mita 2 kwa nusu nyingine una wastani wa mita 4, lakini hubeba nguvu mara 1.75 ya upepo unaovuma mita 4 bila kubadilika kutwa kucha, kwa kuwa saa chache za upepo mkali huzidi kwa mbali mchango wa saa nyingi za upepo dhaifu. Kwa hiyo anayetaka kujua upepo wake anahitaji kumbukumbu za kasi saa kwa saa, ikiwezekana za mwaka mzima ili misimu yote iingie, zilizochukuliwa kwa anemomita, yaani kipima kasi ya upepo, iliyofungwa karibu na kimo ambacho turbini itakaa. Kituo cha hali ya hewa kilicho jirani kinaweza kuwa na takwimu za kuanzia, ila zikumbukwe kuwa kwa kawaida hupimwa mita 10 kutoka ardhini mahali palipo wazi, hali ambayo huenda si ya uwanja wako.

Macho nayo husaidia. Kwa kipimo cha Beaufort, kinachokadiria kasi ya upepo kwa dalili zake, upepo unaouhisi usoni na kusikia majani yakichakarika uko chini ya mita 3.4 kwa sekunde. Majani na vijiti vyembamba vikicheza bila kutulia na bendera nyepesi ikanyooka, umefikia kati ya mita 3.4 na 5.4. Vumbi na karatasi zikiinuka na matawi madogo yakiyumba, uko kati ya mita 5.5 na 7.9, na hapo ndipo turbini ndogo hufanya kazi yake halisi. Ushauri wetu ni wa wazi: mahali ambapo wastani wa mwaka katika kimo cha mapanga haufiki mita 4 kwa sekunde, na jua lipo, fedha hizo zinunue paneli za sola. Mahali penye vyote viwili, kuviunganisha kwenye betri zilezile ni jambo la busara, kwa kuwa upepo huvuma pia usiku na siku za mawingu.

Kabla ya kukata ubao hata mmoja, hesabu matumizi. Nyumba yenye taa nne za LED za wati 8 zinazowaka kwa saa 5, televisheni ya wati 40 inayowashwa kwa saa 4, redio na simu tatu za kuchaji hutumia takribani wati-saa 400 kwa siku. Ukigawanya kwa saa 24 ni wastani wa wati 17, na ukiongeza kinachopotea kwenye betri na inveta (kifaa kinachobadili umeme wa betri uwe wa kutumia vyombo vya nyumbani), turbini itoe wastani wa wati 25 hivi. Turbini ya mita 2.4 inalimudu hilo kwenye upepo wa kadiri. Lakini pasi ya wati 1,000 ikitumika kwa nusu saa hula wati-saa 500, yaani zaidi ya mahitaji mengine yote ya siku hiyo, na jiko la umeme halifai hata kufikiriwa. Anayeielewa hesabu hii mapema hatailaumu turbini baadaye.

Mlingoti ndipo watu hubana fedha, na ndipo wasipopaswa kubana kabisa. Upepo wa karibu na ardhi huvutwa nyuma na nyasi, miti na majengo. Hata kwenye eneo la wazi, kupanda kutoka mita 10 hadi mita 20 huongeza kasi kwa takribani asilimia 10, na kwa sababu ya kile kipeo cha tatu, nguvu huongezeka kwa karibu theluthi moja. Penye miti na nyumba, tofauti huwa kubwa zaidi. Kanuni inayotumika ni kwamba ncha ya chini ya mapanga iwe juu ya kila kizuizi kilicho ndani ya mita 150 kwa mita 10 hivi. Upepo uliovurugwa na paa au mti hauna nguvu, na pia huigeuzageuza turbini na kuichosha mpaka ivunjike. Funga vitambaa virefu vyepesi kwenye nguzo ndefu, kila kimoja kwa kimo chake, uvitazame siku ya upepo: vya chini vitapapatika na kujizungusha, na kile kitakachonyooka kwa utulivu kinakuonyesha kimo cha kuanzia. Kufunga turbini juu ya paa la nyumba hatukushauri kamwe, kwa sababu ya vurugu hizo na kwa sababu mtikisiko hushuka hadi kwenye kuta.

Kwa fundi wa nyumbani, mlingoti unaofaa ni bomba la chuma lenye bawaba kwenye kitako, lililokazwa kwa nyaya za chuma pande nne, ili liweze kuinuliwa na kulazwa bila mtu kupanda. Nanga mbili za ubavuni, zinazoshikilia nyaya hizo ardhini, zikae kwenye mstari mmoja na bawaba, na kwa kimo kilekile. Zikikosea, nyaya za upande mmoja zitakaza kupita kiasi wakati wa kuinua na zile za upande wa pili zitalegea, na hapo ndipo milingoti huanguka. Wakati wa kuinua au kulaza, mtu yeyote asisimame ndani ya eneo ambalo mlingoti unaweza kuangukia.

Mashine yenyewe ina sehemu mbili zinazotaka kulingana, yaani mapanga na jenereta. Alternata ya gari huwavutia wengi kwa kuwa inapatikana kirahisi, lakini kwa kawaida huhitaji zaidi ya mizunguko 1,000 kwa dakika ndipo ianze kuchaji, na hula umeme kwa ajili ya kujipa usumaku. Mapanga ya mita 2.4 katika upepo wa mita 5 kwa sekunde huzunguka takribani mara 240 tu kwa dakika. Ndiyo sababu mafundi wengi hujenga jenereta ya mzunguko wa polepole: sahani mbili za chuma zilizobandikwa sumaku kali za neodimiamu, mathalani 12 kila moja, zikizunguka kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya gari, na katikati yake koili 9 za waya wa shaba zilizogandishwa ndani ya rezini. Sumaku hizo zikikaribiana zinaweza kuponda vidole, na mtu mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asizisogelee.

Jenereta hiyo hupimwa kwa mkono kabla ya kupandishwa. Nyaya zake tatu za kutoa umeme zikiwa zimeachana, izungushe: inapaswa kwenda kwa wepesi bila kugusa popote. Unganisha nyaya mbili, uzungushe tena, na utahisi mkono ukivutwa na kuachiwa kwa mapigo. Rudia kwa kila jozi, na mapigo yawe sawa kwa jozi zote. Jozi moja ikiwa laini kuliko nyingine, kuna koili iliyounganishwa vibaya. Unganisha zote tatu, na uzito utakuwa mkubwa na wa kulingana mzunguko mzima.

Mapanga yachongwe kwa ubao mwepesi, wenye nyuzi zilizonyooka na usio na vifundo, yakiwa mapana na yenye mwinamo mkubwa karibu na habu, na membamba, karibu bapa, kwenye ncha. Ncha hiyo, hata katika upepo wa mita 5 kwa sekunde, hukimbia zaidi ya kilomita 100 kwa saa, kwa hiyo kazi ya bora liende hapa ni hatari kwa maisha. Matatu ni bora kuliko mawili, kwani mapanga mawili hutikisa mashine kila inapogeuka kufuata upepo. Yapimwe uzito na yasawazishwe mpaka yasimame popote yanapoachwa. Plastiki ya bomba inafaa kwa mashine ndogo ya kujifunzia tu, maana jua huidhoofisha na hatimaye hupasuka.

Tofauti kubwa kati ya upepo na sola iko kwenye udhibiti. Paneli ikitenganishwa na betri hutulia, lakini turbini ikikosa mzigo hupoteza kinachoizuia na huenda arijojo, ikizidi kasi mpaka mapanga yakatike. Kwa hiyo usiifunge kwenye kidhibiti chaji cha sola kinachokata umeme betri zikijaa. Tumia kile kinachoupeleka umeme wa ziada kwenye hita au vipinga vya mzigo, na mkia unaoielekeza turbini kwenye upepo uwe wa bawaba iliyoinamishwa ili upepo ukizidi, turbini igeuze ubavu yenyewe. Swichi ya breki inayounganisha nyaya tatu za jenereta ni ya lazima, ila itumike kabla dhoruba haijafika, kwa kuwa mashine inayokimbia sana inaweza kuunguza koili zake badala ya kusimama.

Nyaya ndefu za kushuka kutoka juu hupoteza umeme mwingi kwa volti ndogo. Wati 300 kwa volti 12 ni ampea 25, na kwa volti 48 ni ampea 6 na robo tu, hivyo hasara kwenye waya uleule hupungua mara 16. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, na betri za asidi zikae mahali penye hewa, mbali na cheche, kwa sababu hutoa gesi ya haidrojeni zinapochajiwa, wala zisitumiwe chini ya nusu ya chaji yake mara kwa mara.

Wiki chache baada ya kusimamishwa, turbini ilazwe kwa ukaguzi wa kwanza, maana nati nyingi hulegea kipindi hicho, kisha ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka: beringi, kingo za mapanga zinazoliwa na mvua na vumbi, kutu kwenye nyaya za kukaza, na bawaba ya mkia. Mashine inapoendelea kugeuka kufuata upepo, waya unaoshuka ndani ya bomba hujisokota kidogo kidogo. Iwekwe plagi chini ya mlingoti, na siku isiyo na upepo, mapanga yakiwa yamefungwa kamba, plagi ichomolewe, waya usokotolewe, kisha urudishwe.