Vidole vikifa ganzi juu ya kinga, tazama kwanza kiti

Kiangazi kikishaingia hapa Lubumbashi na barabara zikakauka, waendesha kinga, yaani baiskeli, huongezeka. Alfajiri ya Jumapili utawaona kwenye barabara ya Kasapa na ile ya Kipushi, wameinama juu ya baiskeli za mbio, nyingi zikiwa za mtumba kutoka Ulaya. Wiki chache baadaye baadhi yao huwa wameketi mbele yetu katika idara ya kinezi, yaani tiba ya viungo, wakikung'uta mikono kama watu waliotoka kunawa. "Dokta, bidole bibili binalala," husema, wakituonyesha kidole kidogo na jirani yake, kile cha pete. Swali letu la kwanza huwashangaza: kiti chako umekifunga vipi?

Wao walikuja kuzungumzia usukani. Wengi wameshanunua glavu, wengine wameuzungushia utepe wa pili, na mmoja alikuwa ameufunga sponji ya godoro. Sponji haikumfaa, maana usukani ukinenepa kupita kiasi mkono huubana kwa nguvu zaidi. Hata hivyo simlaumu. Mtu huweka dawa pale anapoumia, ila katika jambo hili panapouma na panapotoka maumivu ni sehemu mbili tofauti. Juu ya baiskeli mkono una kazi ya kuongoza na kufunga breki. Uzito wa kiwiliwili ni wa makalio, miguu na misuli ya mgongo. Mikono ikifa ganzi, mara nyingi inabeba mzigo uliopaswa kukaa nyuma.

Kabla hujagusa spana, jua ni neva ipi inayolalamika. Neva ya alna ndiyo ile unayoigonga kwenye kiwiko ukaruka kama umepigwa na umeme. Inateremka hadi kwenye kifundo cha mkono, kisha inaingia kiganjani upande wa kidole kidogo, kwenye mfereji mwembamba kati ya vifupa viwili. Mfereji huo una jina la Félix Guyon, daktari mpasuaji wa Ufaransa aliyeueleza mwaka 1861. Hapo neva haina nyama nene ya kuikinga, na ni hapo hapo kiganja kinapoegemea usukani. Ikibanwa, ganzi hukamata kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete. Neva ya mediani hupita katikati ya kifundo, na hiyo huumia hasa kifundo kikikaa kimepinda kwa muda mrefu. Ganzi yake hukamata kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ile nyingine ya kidole cha pete.

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda kwa sababu hakihitaji chombo chochote. Gusa mgongo wa mkono, upande wa kidole kidogo. Tawi la neva ya alna linaloleta hisia pale huchepuka kabla ya kifundo, kwa hiyo halipiti kwenye mfereji wa Guyon. Kiganja kikiwa na ganzi na mgongo wa mkono ukiwa salama, usukani ndio mshukiwa wa kwanza. Mgongo wa mkono nao ukiwa umelala, shida iko juu zaidi, kwenye kiwiko au shingoni, na utahangaika bure na utepe wa usukani.

Kipimo cha pili chukua noti ya faranga. Ibane kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, gumba likiwa limenyooka, kisha mwenzako aivute. Gumba likilazimika kukunja kiungo chake cha juu ili noti isiponyoke, misuli inayoendeshwa na neva ya alna imeanza kuchoka. Jules Froment, daktari Mfaransa, alieleza dalili hiyo mwaka 1915. Ukiiona kwako, au ukishindwa kutanua vidole au kufunga kifungo cha shati, weka kinga ukutani na uje hospitali. Ganzi peke yake kwa kawaida huondoka ndani ya siku au wiki chache shinikizo likipungua. Udhaifu wa misuli unaweza kuchukua miezi, kwa kuwa uzi wa neva uliokatika ndani huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku.

Sasa turudi kwenye kiti, sele kama wanavyosema mafundi wetu. Simama kisigino na makalio vikigusa ukuta, halafu jaribu kuinama uokote ufunguo sakafuni. Hutaweza, utaanguka mbele. Sogea hatua moja kutoka ukutani, uiname tena, nawe utaona makalio yanarudi nyuma yenyewe ili kusawazisha kichwa na kifua. Kiti kilichosogezwa mbele mno ni ule ukuta. Kinayazuia makalio yasirudi nyuma, na kwa kuwa juu ya baiskeli huwezi kuanguka, mikono ndiyo inayokuzuia, kilomita baada ya kilomita.

Ni kwa nini viti vingi huku kwetu viko mbele mno? Kwa sababu ya mtumba. Mtu hununua fremu ndefu iliyokatwa kwa ajili ya mwili wa mwingine, anaona usukani uko mbali, na fundi anamsogezea kiti mbele ili mikono ifike. Mikono inafika kweli, lakini imepewa mzigo. Umbali wa usukani hutibiwa kwa kufupisha shingo ya usukani, kile kipande kinachoushika juu ya fremu. Shingo ya sentimita 11 ikibadilishwa kwa ya 9, kiti kinabaki mahali pake. Na fremu ikiwa kubwa sana, hakuna spana itakayoipunguza. Afadhali kuiuza.

Mahali pa kuanzia pa kiti hupatikana kwa timazi ya mwashi, au uzi wowote wenye kokoto mwishoni. Kaa juu ya baiskeli mtu akiishikilia, pedali mbili zikiwa sawa na ardhi, na ushushe uzi kutoka chini tu ya pia ya goti la mbele. Uzi ukipita karibu na mhimili wa pedali, umefika pazuri pa kuanzia. Si sheria ya Musa. Wengi wenye ganzi hupata nafuu kiti kikirudi nyuma kidogo zaidi ya hapo. Rudisha milimita 5, kaza, endesha mara mbili au tatu, ndipo uguse tena. Kila unapokirudisha nyuma mguu huongezewa safari, kwa hiyo kishushe nywele moja, milimita 2 au 3.

Kujua kama umefika, tafuta uwanja mtupu au kipande cha lami kisicho na magari. Kanyaga kwa nguvu ya wastani, mikono ikiwa juu ya vishikio vya breki, kisha ilegeze mpaka viganja viguse kidogo tu, bila kuachia. Kiwiliwili kikibaki kilipo, uzito uko mahali pake. Kikidondoka mbele, bado. Tafadhali jaribio hilo lisifanyike kwenye barabara ya Likasi mbele ya lori la madini.

Mwinamo wa kiti ni kosa jingine, na hili wanaume hulifanya kwa aibu. Kiti kikiwabana sehemu za siri, huinamisha pua yake chini na wasimwambie mtu. Matokeo yake wanateleza mbele na kujisukuma nyuma kwa mikono kila dakika chache. Weka pimamaji juu ya kiti, ile ambayo waashi huita nivo, kutoka mkia hadi pua. Kiwe sawa, au pua ishuke nyuzi 1 au 2, basi. Kikikubana hata kikiwa sawa, hicho si kiti chako: tafuta kilicho na nafasi katikati au kinacholingana na upana wa mifupa yako ya kukalia. Kimo nacho hupimwa kwa kisigino. Kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, goti linyooke bila nyonga kuyumba. Ukirudisha nyayo mahali pake, goti litakunja kidogo. Kiti kirefu mno hukuyumbisha kushoto na kulia, na kila myumbo unaishia kiganjani.

Hapo ndipo tunafika kwenye usukani, na mara nyingi kazi iliyobaki ni ndogo. Tazama vile vibonge vya mpira vinavyobeba breki. Kwenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, vibonge hivyo vikifungwa chini sana kifundo hupinda, na neva hubanwa. Unataka mgongo wa mkono na kigasha viwe mstari mmoja, kama unapomsalimia mtu kwa heshima. Legeza, zungusha usukani kidogo juu, kaza. Upana wa usukani ulingane na upana wa mabega, kutoka mfupa hadi mfupa.

Kuupandisha usukani sentimita 1 husaidia baadhi ya watu. Kwenye baiskeli mpya pete zilizo juu ya shingo huhamishiwa chini yake, na wakati wa kufunga bolti ya kifuniko cha juu hukazwa kwanza, taratibu, hadi mchezo, yaani ulegevu, uishe, ndipo bolti za ubavuni. Bolti hizo nyingi huandikwa nyutonimita 5, kipimo cha nguvu ya kukaza, na fundi anayekaza kwa hasira huzikata. Baiskeli za zamani zina shingo inayoingia ndani ya fremu kama kizibo, ikiwa na alama ya mwisho wa kuitoa. Nimeshaona shingo iliyotolewa kupita alama hiyo. Mwenye nayo aliyaacha meno mawili barabarani. Alama hiyo iheshimiwe.

Baada ya vipimo vyote hivyo, bado kuna mwendeshaji mwenyewe. Viwiko vikinyooka kama miti, kila shimo la lami hupanda moja kwa moja hadi shingoni. Vikunje kidogo. Shika usukani kama unavyoshika yai la kuchemsha, na badili mahali pa kushika kila dakika chache: juu, kwenye vibonge, chini, kisha juu tena. Usukani wa mbio umepindwa hivyo ili uubadilishe, si ili upendeze.

Halafu magurudumu. Tairi la milimita 23 lililojazwa upepo hadi bari 8 ni jiwe linalozunguka, na lami yetu ina viraka vingi kuliko suruali ya mwanafunzi. Fremu na breki zikikubali, weka tairi la milimita 28. Mtu wa kilo 70 anatosheka na bari 5 au pungufu kidogo, la mbele likiwa laini kuliko la nyuma, bila kwenda chini ya kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Kwangu mimi badiliko hili linazidi glavu tatu. Glavu zenyewe zinafaa, mradi sponji yake isirundikane pale pale neva inapopita.

Siwezi kuandika haya bila kuwataja wabeba makala, yaani mkaa, wanaosukuma kinga zilizopakiwa magunia kuelekea mjini. Kiti hawakikalii, kwa hiyo mengi niliyoyasema hayawahusu, lakini ganzi yao ni ile ile na huanza mapema zaidi. Kwao tunashauri kuviringisha mpira wa ndani wa tairi kuukuu kwenye kishikio, kusukuma kifundo kikiwa kimenyooka, na kubadilisha upande wa kusimama kila wanapopumzika ili mkono mmoja usibebe kilima chote.

Sio kila ganzi inatoka kwenye baiskeli. Baridi ya alfajiri ya Juni na Julai hulaza vidole vyote kumi na huisha ukishika kikombe cha chai, hiyo isikutishe. Ganzi inayokuamsha usiku, hasa ya gumba na vidole viwili vya jirani yake, ni ya kifundo hata kama huendeshi. Kisukari na unywaji wa muda mrefu, lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, ikiwemo, huharibu neva pia, kwa kawaida kuanzia miguuni. Kuna ugonjwa mwingine ambao watu hawapendi kuusikia. Ukoma haujaisha Kongo, na neva ya alna ni miongoni mwa zile ambazo ugonjwa huo unazipenda zaidi. Kidole kidogo kikilala na ngozi mahali fulani ikawa na baka lisilosikia mguso wala moto, au neva ya kiwikoni ikanenepa kama kamba, nenda kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Dawa zake hutolewa bure duniani kote tangu 1995, na zikianza mapema mkono huokolewa.

Ukija kutuona, njoo na kinga yako, viatu unavyoendeshea na nguo fupi. Kabla fundi hajagusa kitu, bandika vipande vya utepe kwenye nguzo ya kiti na kwenye reli zake, uandike tarehe juu yake kwa kalamu. Pedali mbili na mita ya fundi cherehani tunazo hapa. Kinga hupitishwa mlango wa nyuma, karibu na bomba.