Barua ya Chifu Isiyo na Majina ya Mabinti

Anayetaka kujua kama binti atapata haki yake katika mirathi asingoje hukumu ya jaji. Aangalie barua ya chifu, ile inayopelekwa mahakamani kuwatambulisha warithi wa marehemu. Ni ukurasa mmoja, muhuri chini, na katikati pana orodha: marehemu aliacha mke na watoto wafuatao. Mara nyingi mno hapa Kisumu, na kwa jirani zetu wa Siaya na Vihiga, watoto wafuatao ni majina matatu ya wanaume, basi. Uliza kama mzee hakujaliwa msichana hata mmoja, utajibiwa bila kusitasita: "Wasichana wako wanne, lakini hao wameshaolewa."

Kuolewa si sababu inayotambuliwa na sheria. Sheria ya Mirathi ya Kenya, Sura ya 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na kifungu cha 38 kinasema mzazi akifa bila wosia na bila kuacha mume au mke, mali yake igawanywe sawa kwa watoto. Watoto wote. Kifungu cha 29 nacho kinawahesabu mke na watoto kuwa wategemezi wa marehemu, hata yule aliyekuwa akijitegemea mjini bila kupokea shilingi ya babake. Anayedai kwamba usawa huu uliletwa na Katiba ya 2010 anakosea kwa karibu miaka thelathini. Katiba iliziba mwanya tu. Kifungu cha 82 cha Katiba ya zamani kilikataza ubaguzi, kisha kikayaacha nje mambo ya ndoa, talaka, mazishi na urithi, yaani palepale mwanamke anapoumia. Tangu 27 Agosti 2010, ibara ya 27 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, ibara ya 60 inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika mila za ardhi, na ibara ya 2 inabatilisha mila yoyote inayopingana na Katiba. (Waislamu wana utaratibu wao: mirathi yao hufuata sheria ya Kiislamu, na ibara ya 24 imeuruhusu.)

Wazee wa huku hawajasahau kesi ya wakili S.M. Otieno. Alifariki Desemba 1986, mkewe Wambui akataka kumzika Matasia, karibu na Nairobi, ukoo wake wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo ushindi. Nadhani wengi walitoka pale na funzo lisilo lao: kwamba ukoo ukishinda kaburi umeshinda na shamba. Kesi ile ilihusu mazishi. Kuhusu ardhi, hukumu ya kusoma ni ya familia ya Rono, iliyotolewa na Mahakama ya Rufani huko Eldoret mwaka 2005. Mabinti walikuwa wamepewa ardhi ndogo kuliko kaka zao kwa hoja kwamba wataolewa. Majaji waliikataa hoja hiyo, miaka mitano kabla ya Katiba mpya.

Basi kama sheria iko na hukumu ziko, mbona mabinti bado wanatoka mikono mitupu? Kwa sababu jina likikosekana kwenye barua ya chifu, kila karatasi inayofuata huzaliwa na kasoro hiyohiyo. Ombi la kusimamia mirathi hunakili orodha ya chifu. Tangazo hutoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Niambie ni nani Ahero au Luanda anayeshinda akisoma Gazeti Rasmi. Baada ya hapo msimamizi hupewa hati, na kwa kawaida miezi sita ikipita mahakama huithibitisha pamoja na mgao. Ofisi ya ardhi inabadilisha taito, na binti aliyeolewa Nakuru anapata habari siku trekta ya mnunuzi inapoingia shambani.

Hata hapo mlango haujafungwa. Kifungu cha 76 cha Sheria ya Mirathi kinaruhusu hati ya usimamizi ifutwe wakati wowote kama ilipatikana kwa ulaghai au kwa kuficha jambo muhimu, na kuficha watoto ni kuficha jambo muhimu. Tatizo ni kifungu cha 93, kinachomlinda mnunuzi aliyenunua kutoka kwa msimamizi mwenye hati, hata hati hiyo ikija kufutwa. Unaweza kushinda kesi ukabaki unamdai kakako pesa alizokwisha kula. Ndiyo maana tunawaambia watu wakimbilie kwanza ofisi ya ardhi, wafanye upekuzi rasmi wa namba ya shamba, na waombe zuio liandikwe kwenye rejista kabla ya kuuzwa chochote. Ugomvi wa nyumbani utaendelea, lakini shamba litakuwa bado lipo.

Kwa mjane, hatari huja mapema zaidi, wakati mwingine kabla ya matanga kwisha. Ng'ombe wanaswagwa, mabati yanang'olewa, funguo za duka zinashikwa na shemeji "kwa usalama". Kifungu cha 45 kinasema kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria ni kosa la jinai, adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini hiyo, tuseme ukweli, haimfikii hata ng'ombe aliyechukuliwa, na Bunge lingefaa kuitazama upya. Anayemlazimisha mjane kurithiwa na jater, yaani mwanamume anayemrithi mjane kimila, au kutakaswa kwa kulala na mwanamume, yuko chini ya sheria nyingine: Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 imeyataja yote mawili kuwa ukatili. Katika usimamizi wa mirathi, kifungu cha 66 cha Sheria ya Mirathi kinamtanguliza mjane mbele ya shemeji na mbele ya watoto wake mwenyewe. Kama ana watoto, vyombo vya nyumbani ni vyake moja kwa moja, na mali iliyobaki anaitumia maisha yake yote, ila ardhi hawezi kuiuza bila idhini ya mahakama.

Wengi hawajui kwamba naibu wa chifu naye ana wajibu ulioandikwa. Kifungu cha 46 kinamtaka afike kwa marehemu akiombwa na yeyote mwenye maslahi, au kama mwezi umepita na hakuna aliyepeleka ombi mahakamani, alinde mali iliyopo na atambue wote wenye haki ya kurithi. Kwa hiyo binti haombi hisani anapokwenda kwa naibu wa chifu na cheti chake cha kuzaliwa.

Wazee nao tusiwafanye maadui. KELIN, shirika la kutetea haki, limefanya kazi na wazee wa Kijaluo kwa miaka mingi, na wapo wajane waliorudishwa bomani mwao bila kulipa wakili. Ibara ya 159 inaunga mkono usuluhishi wa kimila, mradi usivunje haki za msingi. Ukisikia mzee akianza na "mwanamke harithi", kikao hicho kimevuka mpaka, na unaweza kuondoka kwa heshima.

Kuna jambo gumu kuliko yote haya, na mawakili hulipita haraka. Mabinti wengi hutia sahihi wenyewe kwenye fomu za mahakama za kuacha fungu lao. Hawajadanganywa, wanaogopa kwamba siku ndoa ikivunjika, au siku ya kumzika mama, kaka hatafungua lango. Sheria inamruhusu mtu kuacha fungu lake, na simlaumu anayenunua amani kwa ekari mbili. Ila ajue anatia sahihi nini. Fomu 38 inakubali nani awe msimamizi, basi. Fomu 37 inakubali mgao wenyewe. Wapo waliotia kidole gumba kwenye fomu ya pili wakidhani ni ileile ya kwanza, imeletwa jioni na kakao pamoja na kilo mbili za sukari. Omba usomewe kwa lugha unayoielewa, uone namba ya shamba na ekari za kila mtu, ubaki na nakala. Ukinyimwa nakala, usitie sahihi. Nenda kwenye masjala ya mahakama uombe kuona faili, au pita ofisi ya FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, hapa Kisumu ukiwa na kitambulisho chako na namba ya kesi.