Jua halizoeleki: dhana potofu zinazoumiza ngozi zetu

"Mwache acheze juani, ngozi itazoea." Mama aliyejifungua mtoto mwenye ualbino huambiwa hivi na watu wanaompenda. Kwangu hii ndiyo dhana mbaya kuliko zote, kwa sababu anayeumia ni mtoto asiyeweza kujitetea.

Ngozi za wengi wetu zikipigwa na jua huongeza melanini, ile rangi inayotufanya tuive, na melanini hupunguza miale inayopenya. Mwili wa mwenye ualbino hautengenezi melanini ya kutosha, kwa hiyo hana cha kuongeza. Akikaa juani anaungua, anapona juujuu, anaungua tena. Ngozi ya juu ikibambuka na kuota mpya, madhara yaliyoingia kwenye chembehai za chini hubaki, na kila jua jipya huongeza mengine juu yake. Ndiyo maana wenye ualbino wengi Afrika Mashariki hupata saratani ya ngozi wakiwa bado vijana, mara nyingi usoni, masikioni, midomoni na shingoni, sehemu zisizofunikwa na nguo.

Saratani hiyo hutanguliwa na dalili. Ukipitisha kidole kwenye paji la uso au sikio unagusa ganda linalokwaruza kama msasa, ukilibandua linarudi. Wengi husema ni ukurutu, wengine husema amelogwa. Ganda hilo ni ngozi iliyoharibiwa na jua, na daktari anaweza kuligandisha kwa naitrojeni baridi likaisha kabla halijageuka saratani. Kidonda kilichopita mwezi bila kupona nacho kionwe na daktari wa ngozi mapema, kikiwa bado kidogo cha kukatwa kikaisha.

"Sisi weusi jua halituwezi." Hapa kuna nusu ya ukweli. Melanini nyingi ni kinga, na saratani zinazoletwa na jua ni chache kwetu kuliko kwa Wazungu. Lakini muulize mvuvi aliyeshinda baharini au kijana wa bodaboda. Ngozi nyeusi iliyoungua huenda isionyeshe wekundu. Utaijua kwa joto, kuwasha, kuuma ukiigusa, kisha kubambuka na kuacha madoa. Anayepaka mkorogo ameipunguza hata kinga hiyo: haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi inayotiwa mara nyingi humo, huzuia melanini isitengenezwe, na steroidi, dawa nyingine inayotiwa humo, huikondesha ngozi hadi inachanika kirahisi.

Kujianika ili uive nako si afya. Wageni wanaolala ufukweni Nungwi wapate rangi ya shaba wanaona mwili ukijihami baada ya kuumia, na rangi yenyewe inakinga kidogo sana.

"Leo kuna mawingu," au "huku kwetu ni baridi." Joto na miale ni vitu viwili. Mawingu mepesi huweza kupitisha hadi asilimia 80 ya miale inayounguza, na kila ukipanda mita 1,000 nguvu yake huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mtu anaungua huku amevaa sweta.

Ukishaungua, acha ndimu. Maji yake yakikaa kwenye ngozi kisha yakapigwa na jua huleta malengelenge na mabaka meusi yanayodumu wiki au miezi. Dawa ya meno nayo huongeza muwasho. Ingia kivulini, weka kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi (si barafu), kunywa maji mengi, paka mafuta mepesi yasiyo na manukato, na usipasue malengelenge. Yakienea, au homa ikipanda, nenda hospitali.

Mafuta ya nazi hulainisha ngozi vizuri, ila kama kinga ya jua hayatoshi. Losheni ya SPF 30 (SPF ni kipimo cha nguvu ya kinga ya jua) huzuia karibu asilimia 97 ya miale inayobabua, mradi ipakwe kwa wingi na irudiwe kila baada ya saa mbili. Kilisun, losheni iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino, ilianza kutengenezwa kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi. Hata hivyo losheni huisha, na wengi hawaimudu. Kofia yenye ukingo mpana kuzunguka kichwa chote, shati la mikono mirefu lililofumwa vizuri na kivuli kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni ndiyo kinga ya kila siku. Kapelo haitoshi, inaacha masikio na shingo wazi.

Mwalimu, mwanafunzi mwenye ualbino aruhusiwe kofia hiyo na mikono mirefu paredi na shambani, hata kama sare ya shule haina. Na zamu ya kufagia uwanja apewe asubuhi mapema.