Je, wajua kwa nini mashine ya kukaushia nguo huzunguka bila kutoa joto?

Nguo zimezunguka saa nzima, ukizitoa zingali mbichi. Ukiuliza, utaambiwa koili, yaani waya unaotoa joto, imekatika. Huko Marekani na Kanada jibu hilo limewafanya wengi wanunue koili mpya wakati ya zamani ni nzima. Mashine ya huko inaweza kuzungusha pipa, ikawasha taa na kupiga kengele, ilhali nusu ya umeme wake haijafika.

Kosa ni kudhani kwamba umeme ama upo ama haupo. Kwa pasi ni sawa. Mashine hii, hata hivyo, inalishwa na nyaya mbili za moto, yaani zenye umeme. Kila mmoja ukipimwa na nyutro, waya wa kurudishia umeme, unatoa volti 120. Ukipima kati ya hizo mbili, unapata 240. Kwa kawaida mota na taa hutumia waya mmoja na nyutro. Koili haigusi nyutro kabisa: imefungwa kati ya nyaya mbili za moto.

Wafikirie wapasua mbao, mmoja juu ya gogo, mwenzake shimoni. Wa juu akivuta, wa chini anaachia, kisha wanabadilishana. Nyaya mbili hupokezana hivyo mara 60 kwa sekunde, na koili ndiyo msumeno wao. Wa chini akiondoka, msumeno unasimama. Wa juu bado anaweza kuchanja kuni kwa shoka lake, na hiyo ndiyo mota unayoisikia ikizunguka. Akiondoka wa juu, yaani waya unaolisha mota, mashine haiwaki kabisa.

Kuna jambo la ajabu hapa linalowapotosha hata wenye multimita, kifaa cha kupimia umeme. Waya mmoja ukiwa umekufa na mashine inazunguka, ncha zote mbili za koili zikipimwa na nyutro zinaweza kuonyesha volti 120. Zinaonekana hai zote. Ni kama bomba lililozibwa mwishoni: msukumo wa maji upo kote, mtiririko haupo. Pima kati ya ncha hizo mbili, utakuta sifuri.

Kwa hiyo anza kwenye soketi, plagi ikiwa imechomolewa. Kati ya matundu mawili ya moto pawe na takriban volti 240. Zikikosekana, nenda kwenye breka pacha, yaani swichi mbili zilizounganishwa za kukata umeme, kwa kawaida ya ampea 30. Izime hadi mwisho, kisha uiwashe. Pengine soketi imeungua ndani na skrubu ya waya imelegea. Kama hujazoea kushika umeme hai, mwite fundi. Na kama sehemu ya taa za nyumba nazo zimezimika, tatizo huenda liko kwenye laini inayoingia nyumbani.

Tanzania, Kenya na Uingereza, mashine za nyumbani kwa kawaida hutumia waya mmoja wa moto na nyutro, hivyo kifo hiki cha nusu hakipo. Huko anza na hatua inayofuata.

Umeme ukiwa kamili, chomoa plagi ufungue kifuniko. Fyuzi ya joto, inayokata umeme joto likizidi, ipimwe kwanza: nzima husoma karibu omu 0 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na iliyoungua haisomi kitu. Katika baadhi ya mashine fyuzi hiyo huzima mota pia. Koili ya mashine ya Marekani au Kanada ya volti 240, ukishaondoa waya wake mmoja, mara nyingi husoma omu 8 hadi 12. Vyote vikiwa vizima, kagua thamostati, yaani kidhibiti joto, kisha swichi iliyo ndani ya mota, inayoruhusu joto pale tu mota inapozunguka.

Fyuzi ikiwa imeungua, usiibadilishe kabla ya kusafisha bomba la hewa, lenye upana wa sentimita 10 hivi. Nyuzinyuzi za nguo zikiliziba, joto hukosa pa kutokea. Ukimaliza kusafisha na kuweka fyuzi mpya, washa mashine ikiwa tupu kwa dakika 10, utoke nje uangalie kifuniko cha bomba. Kinapaswa kuinuliwa na hewa ya moto. Kikibaki kimelala, fyuzi mpya itaungua kama ya kwanza.